Umeme si Uganga

Wako watu hapa Bungu, tena watu wenye akili zao, wasemao ya kwamba umeme ni kazi ya fundi, na mtu mwingine yamtosha kujua swichi iko wapi na namba za LUKU huingizwaje. Husema, "Mtu hula wali asijue kulima." Neno hili lasikika zuri, lakini lina hatari ndani yake. Mla wali asiyejua kulima hachomi nyumba ya mtu. Bali yule aonaye fyuzi imekatika, akaweka mahali pake kipande cha waya mnene, aweza kuichoma yake na ya jirani, kwa maana makuti hayachagui.

Wengine huupoteza ujuzi huu shuleni. Mtoto huandikiwa ubaoni kanuni ya Ohm, huiimba kama wimbo, akafaulu mtihani, kisha taa ya nyumbani isipowaka yeye na bibi yake hutazamana tu. Betri na waya hajavishika hata siku moja. Huko si kufundisha.

Basi na tuyaseme mambo yenyewe kwa maji ya Rufiji. Ukuta wa Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024, una kimo cha meta 131, na maji yashukayo pale huzungusha mashine 9, kila moja ya megawati 235. Mto huo huo ukifika delta huenda polepole, hata mtoto huuvuka kwa mtumbwi. Maji ni mengi, lakini mshuko hayana. Mshuko ule ndio mfano wa volti. Wingi wa maji yapitayo ndio mfano wa ampea, yaani mkondo. Na matete yazuiayo maji ndiyo ukinzani, upimwao kwa omu. Ukizidisha volti kwa ampea wapata wati. Pasi ya wati 1150 katika nyumba yenye volti 230 huvuta ampea 5. Ukitaka kuilisha kwa betri ya sola ya volti 12, betri hiyo yapaswa kutoa ampea 96 hivi, nao waya mwembamba utapata moto upesi. Tusiseme imerogwa.

Lakini mfano huu tusiukokote mbali. Bomba likikatika, maji humwagika; waya ukikatika, mkondo husimama, kwa kuwa umeme hauendi pasipo njia ya kurudi ulikotoka. Hata hivyo msukumo wabaki pale penye ncha, ukingoja wa kuikamilisha njia. Ndiyo sababu ndege hutua juu ya waya mmoja asidhurike, na mtu asimamaye chini akiugusa huo huo hufa: yeye na ardhi wamekuwa njia. Tena umeme wa betri huenda upande mmoja kama mto, bali ule wa TANESCO huenda na kurudi, kama maji ya bahari yajaavyo na kupwa katika mikoko. Ila bahari hufanya hivyo mara 2 kwa siku, nao umeme mara 50 kwa sekunde.

Na hapa ndipo wajuaji wengi hukosea: hudhani fyuzi imewekwa kumlinda mtu. Sehemu moja ya kumi ya ampea ikipita kifuani yaweza kuusimamisha moyo; fyuzi ya ampea 13 haitaona kitu. Kazi yake ni kuuokoa waya usiwake moto. Mtu hulindwa na ganda la waya lisilopasuka, na waya wa ardhi, na swichi ile ikatayo umeme ukivuja. Ajuaye haya hatashika swichi kwa mkono uliotoka kuosha kamba, kwa maana maji ya chumvi huupunguza sana ukinzani wa ngozi.

Wako pia wanaodai ya kwamba Kiswahili hakina maneno ya elimu hii. Je, Kiingereza kilikuwa nayo? Volti ni jina la Volta, Mwitaliano. Ampea la Ampère, Mfaransa. Omu la Ohm, Mjerumani. La Mwingereza hakuna hata moja, kwani Watt naye alikuwa Mskoti. Waliazima wakanyamaza. Sisi neno mkondo tunalo tangu zamani, na mvuvi yeyote wa delta aweza kumweleza mwalimu maana yake.

Twataka nini basi? Kila darasa lipate betri mbili za tochi, waya wa shubiri tatu, na balbu ndogo. Jumla ni volti 3, hazimdhuru mtoto. Naye akate njia aiunge tena. Aweke katikati msumari, kisha kijiti kikavu, aone kipi chapitisha na kipi chazuia. Nyumbani, fundi akija, na aulizwe mbele ya watu wote: fyuzi hii ni ya ampea ngapi, na waya wa ardhi umeishia wapi? Akikasirika kwa maswali hayo, atafutwe mwingine.