Teka Ipi? Akili Mnemba na Insha ya Mtoto wa Port Reitz

Hoja inayorudiwa mara nyingi zaidi na watetezi wa akili mnemba katika ufundishaji wa kusoma na kuandika ni kwamba mwalimu mmoja hawezi kuzipitia insha za darasa zima kila juma, ilhali mashine yaweza kuzipitia kwa dakika chache. Haifai kuipinga hoja hii kabla ya kukiri kwamba nusu yake ni kweli. Sekondari msingi ilipoanza nchini Kenya Januari 2023, wanafunzi wa Gredi ya 7 walibaki katika shule zile zile za msingi, na uhaba wa walimu ukawafuata huko. Mwalimu mwenye insha sitini mezani hahitaji kuhubiriwa juu ya thamani ya kusoma kila sentensi. Nusu ya pili ya hoja ndiyo yenye walakini. Inachukulia, bila ya kuthibitisha, kwamba kusoma insha na kusahihisha insha ni kitu kimoja. Makala haya yanadai kwamba si kitu kimoja, na kwamba katika eneo kama Port Reitz tofauti hiyo ndiyo inayoamua iwapo mtoto atabaki na lugha yake ya kuandikia au la.

(Jina la mashine yenyewe halijatulia. Wapo wasemao akili bandia, wapo wa akili unde, wapo wa akili mnemba. Hapa limeshikwa la mwisho, si kwa kuwa ni bora bali kwa kuwa limekwisha kuzoeleka masikioni. Hata runinga, neno linalonasibishwa na Sheikh Ahmed Nabhany, lilikejeliwa kabla ya kuzoewa.)

Port Reitz si Mji wa Kale. Pamepewa jina la Luteni Reitz wa jeshi la majini la Uingereza, aliyeachwa Mombasa mwaka 1824 na kufariki mwaka uo huo. Leo ni wadi ya Changamwe, upande wa bara, baina ya hori na uwanja wa ndege, jirani na kiwanda cha mafuta kilichoacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Wakazi wake walivutwa na kazi za bandari na viwanda kutoka Rabai, Kwale, Ukambani, Nyanza na Magharibi. Kwa hiyo lugha ya mtoto wa hapo si Kimvita safi cha washairi, wala si Kiswahili sanifu cha kitabu. Ni Kimvita cha jirani, Kirabai cha nyanya, Sheng ya kituo cha matatu, na sanifu ya darasani, vyote katika kinywa kimoja. Mhakiki anayeuita mchanganyiko huo uchafu hajui fasihi ya Mombasa ilitoka wapi.

Na achukuliwe mwanafunzi wa Gredi ya 7 aliyeambiwa aandike juu ya mtu anayemheshimu. Anamwandika nyanya yake, anayepika wali wa kuwauzia madereva wa malori. Anaandika kwamba nyanya alikaa jikoni akichagua mtele, mato yakimuwasha kwa moshi, na bado alikuwa akiteka. Kwa msomaji wa Mombasa hakuna utata: mtele ni mchele, mato ni macho, na kuteka ni kucheka. Ni sentensi nzuri. Moshi na kicheko vimewekwa pamoja bila ya maelezo, na heshima ya mjukuu imo katika lile "bado". Sasa sentensi hiyo ipewe mashine iliyofunzwa kwa maandishi ya sanifu. Mtele na mato vitabadilishwa, na hapo hasara ni ndogo. Lakini katika sanifu kuteka ni kuchota maji, au kumkamata mtu kwa nguvu. Mashine yenye kutafuta neno linalowezekana zaidi yaweza kuongeza "maji" mwishoni, kwa nia njema kabisa. Nyanya ataondolewa mekoni apelekwe kisimani. Kicheko kitapotea, sentensi itakuwa sahihi kisarufi, na mtoto atapata alama.

Wapo watakaosema kwamba hili ni kosa dogo la kiufundi, litakalokwisha mashine zikiboreshwa. Hoja hiyo inapuuza chanzo cha kosa. Mashine hizi hujifunza kutokana na maandishi yaliyoko kwenye intaneti, na sehemu ya Kiswahili katika maandishi hayo haifiki asilimia 1. Hata hicho kidogo, kwa wingi wake, ni habari za magazeti, maandiko ya dini na tafsiri. Kimvita kimekaa zaidi katika mazungumzo, nyimbo na diwani, mahali ambapo mashine haifiki kwa urahisi. Matokeo yake ni Kiswahili laini kisicho na mahali, chenye mifupa ya Kiingereza chini ya ngozi, ambamo "mwisho wa siku" hutumiwa kwa maana ya hatimaye hata kama jua halijazama. Mtoto anayesahihishwa na lugha hiyo kila juma kwa miaka mitatu atajifunza jambo moja kwa yakini: kwamba maneno ya nyumbani kwao ni makosa.

Jambo hili si geni Mombasa, na hapo ndipo mhakiki wa fasihi anapopaswa kusema kabla ya fundi. Krapf alipofanya kazi Rabai, mwendo mfupi kutoka Port Reitz, alikusanya Kimvita, na kamusi yake ilichapishwa London mwaka 1882. Mwaka 1928 mkutano wa wakuu wa elimu wa makoloni ulikaa Mombasa penyewe na kuchagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha ya shule. Kimvita kilihukumiwa kwao. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi, Frederick Johnson akiwa katibu, na vitabu vya shule vikapita mikononi mwake. Hapana haja ya kuufufua ugomvi huo wote. Kiswahili sanifu kimekwisha kuwa chombo cha mamilioni, na mtoto wa Port Reitz anakihitaji kama anavyohitaji viatu. Linalopasa kutajwa ni kwamba Kamati ilikuwa na majina. Uliweza kumwandikia katibu, ukabisha, ukamshambulia magazetini, ukashindwa ukijua umeshindwa na nani. Usanifishaji wa sasa hauna katibu. Unafanyika ndani ya kila insha, kimya kimya, na hakuna mlango wa kubisha.

Muyaka bin Haji mwenyewe angefelishwa. Mashairi yake yalihifadhiwa vichwani mwa watu, yakafika kwa mmishonari Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, na Hichens akayachapisha mwaka 1940, karne nzima baada ya kifo cha mshairi. Lau Mwalimu Sikujua angeona ni wajibu wake kuyanyoosha mashairi yaafikiane na lugha ya wengi, diwani hiyo ingekuwa safi, na isingekuwa na haja ya kusomwa.

Hata hivyo, wapinzani wa akili mnemba nao wasishangilie mapema. Wengi wao wanalilia insha ambayo haikuwahi kuwapo. Tangu mtihani wa darasa la nane ulipoanza mwaka 1985 hadi ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, vizazi vya watoto vilikaririshwa mapambo: kurauka alfajiri na mapema, kujitosa hamamuni, kuchana mbuga, kufumba na kufumbua. Mtoto wa Changamwe ambaye nyumbani hana bafu la mfereji alijitosa hamamuni kila Jumamosi ya insha, kwa kuwa mwalimu alisema mtahini anapenda hamamu. Insha isiyo na mwenyewe haikuvumbuliwa na mashine; ilirithiwa. Mashine imeandika kwa wepesi kile ambacho shule ilikuwa ikikidai kwa kiboko. Iwapo sekondari msingi, ambayo mtihani wake wa kwanza wa Gredi ya 9 ulifanywa mwaka 2025, itaendelea kutuza mapambo, basi kupiga marufuku vifaa hivi ni unafiki mtupu.

Katika usomaji msimamo hauna budi kulegezwa. Mtoto anayesoma hadithi peke yake jioni, ambaye hana wa kumuuliza maana ya neno, ana haki ya kuuliza chombo chochote kilichopo. Kusomewa kwa sauti, kupewa kifungu chepesi cha mazoezi, kuulizwa maswali ya ufahamu: haya ni msaada, mradi mwalimu akumbuke kwamba mashine hueleza neno isilolijua kwa sauti ile ile ya uhakika inayoelezea neno inalolijua. Aidha, mwongozo wa UNESCO wa Septemba 2023 ulipendekeza miaka 13 iwe kikomo cha chini cha kutumia zana hizi darasani, na wengi wa Gredi ya 7 wana miaka 12. Wizara inayopenda kunukuu UNESCO ingefaa kunukuu na hilo.

Wala isisahauliwe habari ya vishikwambi. Kompyuta za watoto wa darasa la kwanza ziliahidiwa mwaka 2013, vishikwambi vikaanza kugawiwa mwaka 2016, na katika shule nyingi vikaishia kufungiwa makabatini. Kilichokosekana si kifaa. Ni mtu aliyefunzwa wa kukitumia, na saa ndani ya ratiba.

Kuandika ni kesi nyingine. Rasimu ya kwanza na usahihishaji wa kwanza havifai kupewa mashine katika umri huu. Mwalimu hawezi kusoma insha sitini kila juma, asisome sitini. Asikilize tatu kwa siku, zikisomwa kwa sauti na wenyewe, na nyingine zisomwe na wanafunzi wenzao na kujibiwa kwa maandishi. Pwani hii haihitaji kufundishwa utaratibu huo. Washairi wa Mombasa na Lamu walijibizana kwa beti katika zama za Muyaka, na ukali wa kila mmoja ulitokana na kujua kwamba yuko mtu ng'ambo ya pili atakayesoma, atakayekasirika na kujibu. Mwanafunzi anayejua kwamba mwenzake wa dawati la nyuma ataijibu insha yake hataandika juu ya hamamu. Kama ataandika, atachekwa.

Na yule wa nyanya jikoni, atakapofika kwenye sentensi yake na kuisoma mbele ya darasa lenye Wakamba, Waluo na Warabai, huenda nusu yao wasielewe. Mmoja atauliza: teka ipi? Mwandishi atalazimika kueleza kwamba nyanya yake hakuchota maji, na mwalimu ataandika ubaoni teka na cheka, moja chini ya nyingine, kisha amuulize mtoto ni lipi analotaka libaki.