Usalama wa mgahawa uanzie miguuni mwa mpishi

MFANYABIASHARA anayefungua mgahawa mdogo hupiga hesabu ya mambo mengi: kodi ya chumba, leseni, mkaa au gesi, mchele, maharage na viazi. Ni nadra kumkuta ametenga fedha za viatu vya mpishi. Ndiyo maana katika migahawa mingi ya mijini kijana hubeba sufuria ya mchuzi wa moto juu ya sakafu yenye utelezi akiwa na ndala.

Akiteleza, hana pa kujishika. Na kama alichobeba ni karai la chipsi, balaa ni kubwa zaidi, kwa sababu mafuta ya kukaangia hufikia nyuzi joto 180 hivi wakati maji huchemka kwa 100, tena hung'ang'ania kwenye ngozi.

Kinga yake haihitaji mkopo wa benki. Viatu vinavyofunika vidole na vyenye soli isiyoteleza vinatosha kuanzia. Mafuta yakimwagika yafutwe papo hapo, si baada ya wateja wa mchana kuondoka. Karai lisikae kwenye njia ya wahudumu, lisihamishwe likiwa la moto, na viazi vichujwe maji kabla ya kukaangwa. Visu navyo vinolewe. Kisu butu humlazimisha mpishi kukandamiza kwa nguvu, nacho kikiteleza huishia kidoleni.

Mafuta yakishika moto, wengi hukimbilia ndoo ya maji. Hilo ni kosa kubwa. Maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke ghafla na kurusha moto hadi darini. Linalotakiwa ni kuzima jiko iwapo mkono unafika bila kuungua, kufunika chombo kwa mfuniko, na kutofunua mpaka kipoe. Wanaotumia mitungi ya gesi wajue pia kwamba gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutulia chini sakafuni ikisubiri cheche. Mpira wa gesi hupimwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Dawa ya meno, unga na mayai vibaki dukani.

Wapo watakaosema haya ni ya hoteli kubwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwalinda wafanyakazi wake, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko ambao mchango wake hulipwa na mwajiri, haukatwi kwenye mshahara. Lakini mhudumu anayelipwa kwa siku na ambaye jina lake halijaandikwa popote, akiungua leo, kesho hana posho wala wa kumtetea.

Mwenye mgahawa naye hasalimiki. Mkaanga chipsi aliyezoeleka akilala wiki tatu, wateja huvuka barabara kwa jirani, na si wote wanaorudi.

Anayetaka kujua hali ya jiko lake asimame humo saa saba mchana, foleni ikiwa ndefu, atazame miguu ya wanaobeba sufuria.