Sikio la Mtu Mzima si Debe Tupu

Wapo wasemao kwamba muziki hufunzwa mtoto, na kwamba mtu mzima anayekuja kutaka nadharia yake jahazi limekwisha kumwacha. Neno hili hurudiwa barazani kwa utulivu mkubwa, kana kwamba ni hadithi ya mazao na misimu. Ni neno la uvivu, na uvivu wenyewe ni wa watunga vitabu na watengeneza programu, wala si wa wanafunzi.

Unguja ndiyo mahali pa mwisho pa kulisemea neno hilo. Siti binti Saad alitoka Fumba akaingia mjini akiwa mtu mzima, mwuza vyungu, na ndipo wanamuziki wa mjini walipomfunza. Mwaka 1928 sauti yake ilitiwa katika santuri huko Bombay. Aliyemfunza hakuanza kwa kumuuliza umri, wala hakumtaka asahau kwanza alichokwisha kukisikia.

Hapo ndipo penye aibu ya zana za leo. Karani wa bandarini, au mwalimu wa skuli mwenye miaka 45, anapotaka kujua kwa nini wimbo fulani wa taarab humtoa machozi na mwingine ukampita, hupewa moja katika mawili. Ama ni kitabu cha Kiingereza ambacho ukurasa wake wa kwanza ni picha ya kinanda, vidude vyeupe na vyeusi. Ama ni programu ya simu yenye sindano ya kupimia sauti. Aimbe basi Rasti mbele ya sindano hiyo, kama alivyoisikia tangu utotoni. Akifika sauti ya tatu, sindano itasimama katikati ya noti mbili, kioo kitageuka chekundu, na mwanafunzi ataambiwa kwamba amekosea. Hakukosea! Sauti ya tatu ya Rasti makao yake ni hapo hapo katikati, na ya saba vivyo hivyo. Aliyekosea ni simu, kwa kuwa imepewa noti 12 tu za kinanda ikaambiwa kwamba hizo ndizo zote.

Katika makamu za muziki wetu (si makamu wa rais, bali zile njia za sauti tulizozipokea kutoka Misri na Bara Arabu), Ajami, Nahawandi, Kurdi na Hijazi huweza kupita katika mlango wa kinanda, japo kwa kuinama. Rasti, Bayati, Saba na Sika hazipiti. Kumfunza mtu wa Pemba nadharia ya muziki kwa kitabu kisichokuwa na Bayati ni sawa na kumfunza ushairi kwa abjadi iliyopungua irabu. Naye Bayati anaijua: ndiyo ambayo wasomaji mashuhuri wa Misri aghalabu hufungulia tilawa. Hakuna aitaye tilawa muziki, na haifai kuiita hivyo, lakini sikio ni lile lile moja, nalo limekwisha kusoma miaka 40.

Watetezi wa kinanda hujibu kwamba nota za Ulaya ni lugha ya dunia nzima, na mambo ya robo sauti ni ya mabingwa, yangoje. Hoja hii ni kongwe. Mwaka 1932 wataalamu wa Kiarabu na wa Ulaya walikutana Cairo, wakabishana juu ya mizani ya sauti za Kiarabu na juu ya piano yenyewe, kama ifaa kuingizwa au la. Lililokuwa mjadala kwa mabingwa wale lafanywa leo amri kwa anayeanza. Na wala kungoja hakusaidii: mtu aliyezoezwa mwaka mzima kuita sauti ya tatu ya Rasti kosa, atakuja kuiomba radhi lini?

Nota si adui. Atakaye kupiga fidla katika kundi kubwa atazihitaji. Lakini nota si mlango pekee, na mfano upo karibu. Solfa, ile njia ya herufi iliyobuniwa Uingereza na Sarah Glover na kuenezwa na John Curwen katika karne ya 19, iliingia Afrika Mashariki mikononi mwa wamisionari. Watu wazima wasiowahi kugusa kinanda wakaimba kwayo sauti nne katika makanisa ya bara, na wangali wakiimba. Ilifaulu kwa sababu ilianzia kinywani. Herufi zake hazina nafasi ya Sika, ni kweli. Ila njia yake yafaa kuigwa.

Ushairi nao ulikwisha kuonesha mfano. Kaluta Amri Abedi alichapisha sheria zake za kutunga mashairi mwaka 1954, kwa Kiswahili, akiwasemesha watu waliokwisha kupenda mashairi kabla ya kujua majina ya viungo vyake. Hakumwambia msomaji aanze na soneti. Na msomaji huyo, anapogeukia muziki, haji mikono mitupu. Mshororo wa mizani 16 una vipande viwili vya mizani 8. Kila kipande kikitandazwa juu ya mapigo manne, kila pigo hubeba mizani mbili, na pale mwimbaji anapovuta mzani mmoja mahali pa mbili, msikilizaji hugutuka. Amekwisha kuelewa nusu ya somo la mahadhi. Aliye mwepesi wa kusikia guni katika shairi, atashindwaje kusikia pigo lililopotea katika dumbaki?

Chuo cha muziki cha nchi za jahazi kilifunguliwa Unguja mwaka 2002, kikafundisha ganuni na udi. Hiyo ni heri kubwa. Lakini chuo kina kuta na ada, na mwaka 2019 ukata ulikaribia kukifunga. Aliye Micheweni na mtumbwi wake hawezi kukifikia kila jioni. Anachohitaji ni kitabu chembamba cha Kiswahili pamoja na sauti zilizorekodiwa, kianzie Rasti juu ya udi usio na vigawanyo shingoni, ambapo kidole hutafuta sauti kwa kuongozwa na sikio. Kifuate Bayati, kisha mapigo yapimwe kwa mizani ya mashairi anayoyajua kwa moyo, na kinanda kije katika sura ya tano au ya sita, kama mgeni mwenye heshima zake. Kukitunga kwahitaji mpiga udi mmoja, mshairi mmoja na kinasa sauti, nao wote watatu wapo mjini.