Kuni busta ya lita 200, na nani ataiwasha?

Mwalimu mmoja wa Kinangop ameniandikia akitaka niwaamulie yeye na mumewe. Nyumba yao ina shawa ya stima, lakini Julai hii stima imekuwa ikipotea alfajiri, saa ile ile watoto wanapojiandaa kwenda shule, na tokeni zinaisha kabla ya wiki. Wamekubaliana kuongeza kuni busta, lile tangi la chuma lenye meko chini yake, linalopasha maji kwa kuni na kuyapeleka bafuni kwa bomba. Mume anataka ya lita 200 “ili tusije tukajuta.” Mwalimu anaona ni kubwa mno. Nyumbani wako sita, pamoja na mama mkwe aliyehamia kwao mwezi Aprili, ambaye magoti yanamsumbua kwa baridi.

Mwalimu, hesabu iko upande wako. Anayeoga kwa ndoo ya lita 20 atachota lita 11 hivi za maji moto ya busta, kisha ayazimue kwa ya baridi. Watu sita ni lita 66. Busta ya lita 90 inawatosha na yanabaki ya kuoshea vyombo. Moto hauwezi kujua kwamba leo mnataka ndoo mbili tu. Utapasha tangi zima, na lita 200 zitakula kuni zaidi ya maradufu kabla mtu wa kwanza hajavua kandambili.

Kupasha lita 90 kutoka baridi yenu ya asubuhi hadi maji ya kuogea ya kutosha kungekula karibu yuniti tano za stima. Kwa kuni kavu, weka kilo tatu au nne, kwa sababu joto jingi hupaa na moshi. Kwa mwezi hizo ni kilo 100 na ushei, ukiwasha mara moja kwa siku. Kama mikaratusi ni ya shamba lenu, vyema, lakini ikatwe mapema na kupasuliwa, ikae chini ya paa miezi kadhaa. Karibu nusu ya uzito wa kuni mbichi ni maji, nawe utakuwa unachoma moto kukausha kuni badala ya kupasha tangi. Gonganisha vipande viwili: zilizokauka hulia kwa sauti kali, mbichi hutoa mlio mzito. Magunzi ya mahindi pia yanafaa sana kuwashia.

Sasa niseme lile ambalo muuzaji halitaji. Juu ya busta lazima pawe na bomba la kupumulia, linalopanda hadi kupita kiwango cha maji kwenye tangi la maji baridi, na mdomo wake uwe wazi. Lisifungwe koki wala kizibo. Maji yakipata moto hupanuka, na lita moja ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya zaidi ya lita 1,600.

Hili sikulisoma mahali. Bomba letu la kupumulia lilikuwa likidondosha matone ukutani, rangi ikaharibika, fundi akaja akaliziba. Tulimshukuru na chai tukampa. Wiki chache baadaye tulifunga koki ya maji baridi ili tuoshe tangi, tukasahau kuifungua. Asubuhi mpwa wangu, binti wa miaka 15, akawasha moto kama kawaida. Maji hayakuwa na pa kwenda, juu wala chini. Maungio ya busta yalipasuka kwa mlio uliowatoa majirani nje, na maji yanayochemka yakamwagika pale pale alipokuwa amechuchumaa dakika moja kabla. Alikuwa ameenda kuokota vijiti. Hadi leo nikisikia tone la maji ukutani nafurahi.

Kwa hiyo fundi akimaliza kazi, mwombe akuonyeshe kwa kidole maji yanapoingilia, yanapotokea na yanapopumulia. Mabomba ya karibu na busta yawe ya chuma, kwani ya plastiki hulainika. Msiunganishe maji ya busta na shawa yenu ya stima. Shawa nyingi za aina hiyo zimeundwa kupokea maji baridi. Wekeni mfereji wake peke yake. Busta yenyewe ikae nje, chini ya kipaa, karibu na bafu.

Barua yako, Mwalimu, ina sentensi moja uliyoiandika kana kwamba ni jambo dogo: mama mkwe huingiza jiko la makaa chumbani usiku na kufunga dirisha. Hili ni kubwa kuliko ugomvi wa lita. Moshi wenye sumu wa makaa hauonekani wala haunuki, na makaa yanayoonekana yamekolea vizuri, yasiyotoa moshi, bado yanautoa. Mtu hulala akawa hakuamka. Jiko litoke leo, msingoje busta ifike. Busta haitapasha chumba chake, lakini itawapa maji ya kujaza chupa mbili za mpira, moja ya miguuni na moja ya magotini, zikiwa zimefungwa kwa kitambaa zisimuunguze. Mama yangu alilalamikia chupa hizo siku mbili tu. Siku ya tatu alizidai mwenyewe.

Limebaki swali ambalo wewe na mumeo hamkulitaja. Nani ataamka saa kumi na moja kasoro kuchanja kuni na kuwasha? Nimezunguka nyumba nyingi za huku juu na nimeona jibu lake. Baba huchagua ukubwa wa busta, mama au msichana wa kazi huwa mtumishi wake. Mwambie mumeo kwamba anaweza kununua hata ya lita 300, mradi aiwashe yeye mwezi mzima wa kwanza. Nadhani mtarudi kwenye 90 bila mimi kuamua.

Na mama mkwe aulizwe anapenda kuoga saa ngapi. Sisi tuliamka gizani kwa ajili ya mama karibu miaka miwili, hadi siku alipotuambia kwamba tangu ujana wake huoga saa sita mchana, jua likiwa limetoka, na kwamba alikuwa akiyaoga yale maji ya alfajiri kwa kutuonea huruma.