Dubu wa Zambarau na Amana ya Muuzaji



Mama mmoja miongoni mwenu ametuletea swali ambalo twaona lina faida kwa wengi. Alinunua katika mitumba ya Kongowea dubu mdogo wa kitambaa, wa rangi ya zambarau, kwa shilingi 50. Wifi yake amesoma katika simu kwamba dubu kama huyo huuzwa kwa mamilioni, naye yu tayari kutoa shilingi 40,000, akiba yake ya karo. Mama auliza: nimuuze vipi, na nimweleze vipi?

Kwanza tumjue dubu mwenyewe. Jina lake ni Princess, naye ni katika jamii ya Beanie Babies, wanasesere waliotolewa na kampuni ya Ty ya Marekani tangu mwaka 1993. Ndani yao mna chembe za plastiki, ndiyo maana hulegea mkononi. Princess alitangazwa mwaka 1997, baada ya kufariki Diana wa Uingereza, na faida yake ikaelekezwa katika mfuko wa hisani wa kumkumbuka. Kifuani ametariziwa waridi jeupe.

Miaka ile Wamarekani wengi walidhani vitu hivi ni hazina. Mwaka 1999, mjini Las Vegas, mume na mke waliotalikiana walichuchumaa sakafuni mwa mahakama, kwa amri ya hakimu, wakigawana Beanie Babies wao mmoja mmoja. Haukupita muda bei zikaanguka.

Ili kumtambua dubu, tazameni lebo zake mbili. Ya kwanza huning'inia sikioni: ni ya karatasi, nyekundu, yenye umbo la moyo, nayo hufunguka kama kitabu. Ya pili ni ya kitambaa, imeshonewa nyuma chini; hutaja nchi alikotengenezwa, kama China au Indonesia, na aina ya chembe, PVC au PE. Tofauti hizi wakusanyaji huzizingatia, lakini hazimgeuzi dubu kuwa dhahabu. Tena, bandia ni wengi. Maandishi yaliyofifia na mishono iliyopinda ni sababu ya kutazama mara mbili.

Kisha mwandikieni sifa zake kama zilivyo: jina, rangi, kimo kwa sentimita, maneno yaliyomo katika kila lebo, harufu, doa, uzi uliofumuka. Ikiwa lebo ya sikioni imeng'oka, semeni imeng'oka, kwani kwa mkusanyaji upungufu huo hushusha thamani. Ikiwa amefuliwa, semeni amefuliwa. Picha ipigwe mbele, nyuma na penye kasoro. Wala tusiandike "adimu" kwa kuwa tumesikia watu wakisema hivyo.

Ama bei, iko bei inayotakwa na iko bei inayolipwa. Mtu anaweza kuitisha milioni, na asipate hata mmoja wa kumwitikia. Katika soko la eBay ipo sehemu ya kuonyesha vitu vilivyokwisha kuuzwa. Hapo ndipo penye ukweli, na hapo Princess wengi wameuzwa kwa dola chache tu.

Twarudi kwa wifi. Yeye hanunui dubu, anunua uvumi. Kuficha aibu ya bidhaa ni ghushi, na hilo kila mmoja wetu alifunzwa chuoni. Lakini hata asiyeficha doa anaweza kunyamaza akimwona mwenziwe akitumbukia, na baina ya jamaa kimya hicho ni kizito. Ushauri wetu, mama, ni kwamba umketishe wifi yako, umwonyeshe lebo, umwonyeshe bei zilizolipwa, kisha umwache aamue. Akimtaka kwa kuwa mwanawe atampenda, muuzie kwa bei ya mwanasesere, nawe upate faida yako ya halali.

Shilingi 40,000 huisha. Lakini siku mtoto atakaporudishwa nyumbani kwa kukosa karo, wifi atakumbuka ni nani aliyezipokea. Udugu ukifumuka hapo, ni vigumu kuushona.

Wabillahi tawfiq.