Risasi Haikusafiri Peke Yake
Hoja iliyochapishwa kwamba petroli yenye risasi iliyovuja zamani kutoka kwenye matangi ya chini ya ardhi haitishi tena visima, kwa kuwa risasi hung'ang'ania udongo, ni sahihi nusu tu. Risasi isokaboni, yaani isiyofungamana na kaboni, kweli hunaswa na mfinyanzi na mboji. Lakini petroli ilitiwa tetraethili ya risasi, ambayo katika kuoza kwake hupitia hatua za ioni, chembe zenye chaji ya umeme zinazoyeyuka majini, kabla ya kufikia hali tulivu ya risasi isokaboni. Jambo zito zaidi, tena la ajabu kusahauliwa, ni dibromidi ya ethilini, kemikali iliyoongezwa ili risasi isigande ndani ya injini, ambayo huyeyuka majini, hainaswi sana na udongo, na huweza kudumu kwa miongo katika maji ya ardhini. Marekani, iliyopiga marufuku petroli yenye risasi kwa magari ya barabarani mwaka 1996, inaruhusu mikrogramu 0.05 tu za kemikali hiyo katika lita ya maji ya kunywa, ilhali benzini, kemikali nyingine ya petroli, inaruhusiwa mikrogramu 5. Kisima kikipimwa risasi peke yake, majibu safi hayathibitishi lolote kuhusu dibromidi, inayohitaji kipimo chake chenye uwezo wa kutambua viwango vidogo hivyo.