Miji isikizwe katika sera za wahamiaji

SERIKALI kuu ndizo hufungua au kufunga milango ya mipaka. Hata hivyo, mgeni akishavuka, ni mji unaolazimika kumtafutia makao, kumpa mwanawe nafasi shuleni na kumpatanisha na jirani aliyemtangulia.

Pengo hilo kati ya anayeamua na anayebeba mzigo ndilo lililoisukuma miji kadhaa ya Ulaya, katika miaka ya 2000, kuungana na kutafiti kwa pamoja sera za utangamano wa wahamiaji.

Mnamo 2006, jiji la Stuttgart nchini Ujerumani lilishirikiana na Baraza la Ulaya na shirika la Eurofound, lenye makao yake Dublin, kuanzisha mtandao wa CLIP. Takriban miji 30 ilijiunga nao.

Stuttgart haikuwa ngeni katika suala hilo. Chini ya meya Wolfgang Schuster, jiji hilo lilikuwa limebuni mkataba wake wa utangamano tangu 2001.

Utaratibu wa mtandao huo ulikuwa mwepesi kueleweka. Kila mji ulijibu maswali yale yale, kisha watafiti kutoka taasisi za Amsterdam, Bamberg, Liège, Swansea, Turin na Vienna wakaandaa ripoti kuuhusu. Baadaye maafisa wa miji walikutana kulinganisha matokeo.

Mada zilikuwa nne: makazi, usawa katika ajira na huduma za mji, uhusiano baina ya jamii mbalimbali, na biashara zinazomilikiwa na wahamiaji.

Umuhimu wa kulinganisha ni kwamba huondoa visingizio. Wahamiaji wakirundikana katika mtaa mmoja wa mji mmoja, ni rahisi kulaumu mila zao. Lakini hali hiyo ikijitokeza katika miji mingi yenye wageni wa asili tofauti, sharti macho yageukie kodi za nyumba, ubaguzi wa wenye majumba na mipango ya mji wenyewe.

Hata hivyo, utafiti si sheria. Mji waweza kufahamu fika kwamba mhamiaji asiye na kibali cha kazi hawezi kujitegemea, ilhali kibali hicho hutolewa na serikali kuu.

Hata ahadi ambazo mameya walijiwekea kupitia muungano wa Eurocities jijini London mnamo 2010 zilikuwa za hiari. Waliahidi kuzingatia utangamano wakiwa watunga sera, watoaji huduma, waajiri na wanunuzi wa bidhaa.

Suala hili haliko mbali na Afrika Mashariki. Baraza la Mameya kuhusu Uhamiaji lilipozinduliwa Marrakech, Morocco, Desemba 2018, Kampala na Freetown zilikuwa miongoni mwa miji iliyolipa uongozi.

Nairobi nayo inajua gharama ya mji kuamuliwa mambo. Desemba 2012, serikali ya kitaifa iliagiza wakimbizi waliokuwa mijini wahamie kambini, agizo ambalo Mahakama Kuu ilibatilisha Julai 2013. Aprili 2014, katika msako wa usalama, mamia ya watu walizuiliwa katika uwanja wa Kasarani.

Mtaa wa Eastleigh, ambako wafanyabiashara wengi wenye asili ya Kisomali wamewekeza, uliathirika pakubwa. Aliyefunga duka hakuwa mkimbizi pekee. Mchukuzi wa mizigo, mwenye nyumba na mteja kutoka mtaa jirani pia waliumia.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inataka masuala ya wakimbizi yazingatiwe katika mipango ya maendeleo, kwa ushirikiano na serikali za kaunti. Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unalenga zaidi kugeuza kambi za Dadaab na Kakuma kuwa makazi ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji.

Lakini maelfu ya wakimbizi wanaishi Nairobi, si kambini. Kaunti haiwezi kuwapangia shule, maji na leseni za biashara bila kujua wanaishi vipi na wanachangia nini.

Nairobi na Kampala zinakabiliwa na maswali yanayofanana chini ya sheria tofauti. Uganda, kupitia sheria yake ya 2006, humruhusu mkimbizi kutembea na kufanya kazi. Miji hiyo miwili ikiuliza maswali yale yale na kulinganisha majibu, itakuwa na ushahidi wa kuweka mezani kabla ya agizo jingine kutolewa.

Mwenye kuvaa kiatu ndiye ajuaye kinapombana. Serikali kuu zina haki ya kulinda mipaka, lakini hazina budi kuisikiza miji.